Kaumia tumbo, analalamika bega: damu inayovuja ndani bila jeraha

Swali: Daktari, shikamoo. Mdogo wangu ana miaka 19, anaendesha bodaboda hapa Kahama. Wiki tatu zilizopita aliteleza kwenye kona, ncha ya usukani ikamgonga tumboni upande wa kushoto. Hakukatika popote, alibaki na mchubuko mdogo tu chini ya mbavu. Zahanati walimpima wingi wa damu wakasema ni 13, wakampa diklofenaki, akarudi nyumbani. Usiku ule alilalamika bega la kushoto. Mama akamchua bega kwa dawa ya misuli, na tumbo akamkanda kwa maji ya moto. Siku ya pili na ya tatu alikula, akacheka na wenzake. Siku ya nne asubuhi alitoka chooni akaanguka, jasho linamtiririka, midomo imekuwa myeupe. Hospitali ya rufaa walimfanyia upasuaji siku hiyohiyo, wakasema bandama imepasuka, wakaitoa. Sasa yuko nyumbani. Mtu anawezaje kuvuja damu nyingi hivyo bila jeraha, tena baada ya siku tatu? Je, kumkanda ndiko kulikomponza? Mama halali. Na mtu anaishije bila bandama?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Poleni sana kwa yaliyowakuta.

Nianze na mama. Bandama ya kijana wake iliumia palepale kwenye kona, ncha ya usukani ilipozama chini ya mbavu. Haikuumizwa na mikono yake wala maji yake ya moto. Ni kweli kwamba tumbo lililogongwa halikandwi, halichuliwi wala halifungwi kanga kwa nguvu, kwa sababu damu iliyoganda na kuziba mpasuko ikitikiswa inaweza kuachia. Hilo nawaambia waziwazi ili mlijue kwa siku nyingine. Lakini bandama iliyojeruhiwa hupasuka siku ya tatu, ya tano, hata ya kumi, kwa wagonjwa waliolazwa wodini ambao hakuna aliyewagusa tumbo. Hakuna daktari anayeweza kumwambia mama kwamba kama asingemkanda isingepasuka. Atakayesema hivyo anasema asilolijua. Tena mama ndiye aliyepata habari iliyo muhimu kuliko zote, usiku wa kwanza: kijana alisema bega linamuuma.

Hilo bega ndilo ninalotaka kukaa nalo kidogo. Mgonjwa wa namna hii ukimuuliza kama aliangukia bega, anasema hapana. Ukilibonyeza haliumi, mkono anaunyanyua vizuri mpaka juu ya kichwa. Lakini akilala chali, hasa miguu ikiinuliwa kidogo, maumivu yanazidi palepale kwenye ncha ya bega. Sababu ni kwamba damu imejikusanya chini ya kiwambo, ule msuli mpana unaotenga kifua na tumbo. Neva inayokihudumia kiwambo haianzii tumboni. Inaanzia juu kabisa, shingoni, kwenye uti wa mgongo usawa wa pingili ya tatu mpaka ya tano, na ngozi ya bega nayo inapata neva zake kutoka eneo hilohilo. Damu ikikiwasha kiwambo, taarifa inapanda hadi shingoni, na ubongo unaitafsiri kuwa ni bega. Sisi madaktari tunaiita dalili ya Kehr, kwa jina la Hans Kehr, daktari mpasuaji wa Ujerumani aliyefariki 1916. Bega la kushoto linatuelekeza kwenye bandama, la kulia linatufanya tuliwazie ini.

Si kila anayevuja damu tumboni huipata dalili hii, kwa hiyo bega lisipouma bado mtu anaweza kuwa hatarini. Ila likiuma kwa mtu aliyegongwa tumbo au mbavu, na bega lenyewe halikugongwa, asipakwe dawa ya kuchua. Apelekwe usiku huohuo kwenye hospitali yenye chumba cha upasuaji.

Sasa hiyo bandama, ambayo wengine huiita wengu. Weka kiganja chako cha kulia ubavuni kushoto, kwenye mbavu za chini, karibu na usawa wa kiwiko mkono ukiwa umening'inia. Hapo umeifunika. Ya mtu mzima mwenye afya ina urefu wa sentimita 12 hivi na uzito wa gramu 150 hivi, na imejificha nyuma ya mbavu ya 9, ya 10 na ya 11, hata daktari akipapasa haipati. Kazi yake ni kuchuja damu: inaondoa chembe nyekundu zilizochakaa na kunasa vijidudu vinavyopita. Kwa kazi hiyo inapitiwa na karibu sehemu moja ya ishirini ya damu yote inayosukumwa na moyo kila dakika, yaani kama robo lita. Ndani ni laini, na kilichoishikilia ni utando mwembamba tu. Ikichanika haina misuli ya kujibana ili damu ikome.

Kwetu huku kuna jambo jingine. Malaria ya mara kwa mara huivimbisha bandama, na kichocho cha matumbo, ambacho watu wa Kanda ya Ziwa mnakijua vizuri, huharibu mishipa ya ini mpaka bandama ikatuna. Bandama kubwa hushuka chini ya mbavu, ikabaki imefunikwa na nyama ya tumbo peke yake. Bandama ya namna hiyo hupasuka kwa teke la ng'ombe, kwa kiwiko uwanjani, kwa kuanguka kutoka kwenye mwembe usio mrefu. Mkirudi kliniki, muulizeni mpasuaji kama aliikuta imekua. Ikiwa ndivyo, kijana apimwe kichocho na atibiwe, maana kilichoikuza bado kinaweza kuwa kinaendelea kuumiza ini.

Umeuliza inakuwaje ngozi ibaki nzima. Ngozi ya tumbo inanyumbulika, inabonyea na kurudi. Misuli iliyo chini yake humlinda mtu anayeliona pigo linakuja, kwa sababu ataikaza. Anayeanguka ghafla inamkuta imelegea. Ncha ya usukani nayo ni nyembamba: uzito wa mwili na mwendo wote wa pikipiki vinaishia kwenye eneo la upana wa vidole viwili au vitatu. Nguvu inapita ngozi na misuli, inakwenda kuishia kwenye kiungo ambacho hakinyumbuliki. Ndiyo maana mchubuko mdogo chini ya mbavu hunitia wasiwasi kuliko mkwaruzo mrefu wa lami mgongoni.

Bandama na ini ndivyo viungo vinavyoumia zaidi kwa mapigo ya aina hii, na vyote viwili huvuja damu. Ini ni kubwa, kilo moja na nusu hivi, limejaza upande wa kulia chini ya mbavu. Kongosho lina balaa lake. Limelala kwa kukingama mbele ya uti wa mgongo, na pigo la katikati ya tumbo hulibana dhidi ya mfupa kama nguo inayopigwa juu ya jiwe la kufulia. Tunaliona hilo kwa watoto walioangukia usukani wa baiskeli. Mtoto anaamka, anafuta vumbi, anaendelea kucheza. Kesho au keshokutwa anaanza kutapika na kujikunja kwa maumivu ya chembe cha moyo yanayopenya mpaka mgongoni. Mzazi anapofika hospitali ameshasahau habari ya baiskeli, na daktari asipouliza, mtoto anatibiwa minyoo. Figo ziko nyuma, na zikiumia mara nyingi mkojo unakuwa mwekundu.

Utumbo ukipasuka mambo huenda kwa njia tofauti kabisa. Damu inaweza kuwa kidogo tu, lakini kinachovuja ni uchafu wa utumbo wenyewe. Saa za mwanzo mgonjwa anaonekana ana nafuu. Kisha tumbo linaanza kukaza, homa inapanda, hataki kuguswa wala kukohoa. Kibofu cha mkojo kikiwa tupu kinajificha nyuma ya mfupa wa kinena, kikijaa kinapanda juu yake na pigo dogo hukipasua. Kwa wanaosafiri na mabasi ya mbali ushauri wangu ni mfupi: jisaidie kila basi linaposimama, na mkanda uupitishe kwenye nyonga, usiupitishe katikati ya tumbo. Mama mjamzito mkanda wake upite chini ya mimba, na akigongwa tumbo, hata kidogo, hata kama mtoto anacheza, akaonwe siku hiyohiyo, kwa sababu kondo la nyuma linaweza kuanza kubanduka bila damu kuonekana.

Nirudi kwa kijana wako na zile siku tatu. Pigo linaweza kuchana nyama ya ndani ya bandama huku utando wake wa nje ukibaki mzima. Damu inavujia ndani ya utando, inaganda, donge linakua polepole, utando unatanuka. Mtu anasikia uzito upande wa kushoto, anakula, anatembea. Siku utando unaposhindwa, damu yote inamwagika tumboni kwa mara moja. Wakati mwingine hakuna hata donge kubwa: mpasuko mdogo ulijiziba kwa damu iliyoganda, halafu mtu akajikamua chooni, akakohoa au akanyanyua ndoo, na kizibo kikaachia. Wengi wanaopatwa na hali hii hupatwa ndani ya wiki mbili za mwanzo. Kwa hiyo aliyegongwa vibaya upande wa kushoto hajavuka kwa sababu tu ameamka salama kesho yake.

Na ile 13. Hapa nataka wahudumu wenzangu wa zahanati na vituo vya afya nao wanisikie. Kipimo cha wingi wa damu kinapima jinsi damu iliyobaki mishipani ilivyo nzito au nyepesi, hakipimi ni kiasi gani imetoka. Mtu akimwaga lita moja sasa hivi, iliyobaki ina uzito uleule. Kipimo kitaanza kushuka saa kadhaa baadaye, maji ya mwilini yakishaingia mishipani kuziba pengo, au tukishamtundikia dripu. Namba nzuri ya saa ya kwanza haina maana. Kinachosema mapema ni mapigo ya moyo. Kijana wa kilo 70 ana damu kama lita tano. Anaweza kupoteza robo tatu ya lita bila kuonyesha chochote. Akiendelea mpaka lita moja na nusu, moyo unakwenda mbio kupita mapigo 100 kwa dakika akiwa amelala tu, viganja vinakuwa baridi, ana kiu, hatulii. Presha bado inasoma vizuri! Kwa vijana na watoto inashikilia mpaka dakika za mwisho, halafu inaporomoka ghafla. Anayengoja presha ishuke ndipo aite gari ya wagonjwa amechelewa.

Akija kwangu aliyegongwa tumbo, kabla ya mashine ninapasha mikono joto na kuanza kupapasa mbali na panapouma, macho yangu yakiwa usoni pake, kwa sababu uso husema kabla ya mdomo. Natafuta pale misuli inapojikaza yenyewe chini ya vidole. Nahesabu mapigo kwa dakika nzima, nayaandika pamoja na saa. Kisha nafanya hivyo tena baada ya nusu saa, na tena. Ukaguzi wa pili na wa tatu ndio unaookoa watu, na mgonjwa aliyeruhusiwa baada ya ukaguzi mmoja amenyimwa hiyo nafasi.

Ultrasaundi ni msaada mkubwa. Kwa dakika chache tunatafuta majimaji sehemu nne: kuzunguka moyo, kati ya ini na figo ya kulia, kando ya bandama, na chini kwenye nyonga. Mashine ya namna hiyo siku hizi imefika hospitali nyingi za wilaya. Ikiona majimaji kwa mtu anayeporomoka, anaingia chumba cha upasuaji bila kungoja kipimo kingine. Lakini isipoona kitu haijamaliza kesi: damu kidogo inaweza isionekane, utumbo uliotoboka mara nyingi hauonekani, na donge lililofungiwa ndani ya utando, kama la mdogo wako, linaweza kupita bila kugunduliwa. Hapo CT skani, ile mashine kubwa ya picha za ndani ya mwili, ndiyo inayosema, au kama haipo, kumlaza mgonjwa na kumkagua tena na tena.

Huko nyumbani, aliyegongwa tumbo na kuruhusiwa asilale peke yake siku za kwanza. Mhesabieni mapigo asubuhi na jioni. Akisikia kizunguzungu akisimama, akitokwa jasho la baridi, midomo au sehemu ya ndani ya kope ikipauka, tumbo likijaa au kukaza, akitapika, akikojoa damu, au bega likianza kuuma, ondokeni naye. Njiani asile wala asinywe, maana huenda akahitaji usingizi wa upasuaji. Diklofenaki, aspirini na ibuprofeni zisitumike kwa mtu ambaye hatujui kama anavuja ndani. Zinapunguza uwezo wa damu kuganda, na kutuliza maumivu namna hiyo kunawafanya watu wa nyumbani waamini amepona. Kwa wahudumu: kama hazijapita saa tatu tangu ajali itokee na unashuku damu ya ndani, asidi ya traneksamiki, dawa ya kupunguza kuvuja damu, itolewe kabla ya rufaa. Utafiti uliochapishwa 2010 uliohusisha majeruhi zaidi ya 20,000 ulionyesha inapunguza vifo. Ni dawa ileile inayowaokoa akina mama wanaovuja damu baada ya kujifungua.

Pengine mtu atawaambia kwamba bandama haikupaswa kutolewa. Kuna ukweli hapo, lakini si kwa mdogo wako. Zamani kila bandama iliyopasuka ilitolewa, kwa imani kwamba mtu haihitaji. Mwaka 1952 madaktari wawili wa Marekani, King na Shumacker, walieleza habari za watoto wachanga walioondolewa bandama kisha wakashambuliwa na maambukizi makali ya damu. Miaka ya 1960 madaktari wa watoto wa Toronto, Kanada, wakaonyesha kwamba bandama nyingi za watoto hupona zenyewe mgonjwa akitulizwa kitandani na kuangaliwa kwa karibu. Leo ndivyo tunavyofanya hata kwa watu wazima ambao mapigo na presha vimetulia, mahali palipo na CT, damu ya kuongezea, na chumba cha upasuaji kilicho tayari usiku na mchana. Mdogo wako alifika ameishiwa damu. Kwa mtu wa hali hiyo, kuitoa ndiko kuokoa maisha, na waliomfanyia walifanya sawasawa.

Ataishi, atafanya kazi, ataoa na kupata watoto. Ini na tezi nyingine zinachukua sehemu kubwa ya kazi ya kuchuja. Mshono wa nje huonekana umepona mapema, lakini tabaka la ndani la tumbo linahitaji muda. Asinyanyue mzigo kwa wiki sita, na pikipiki aiache mpaka mpasuaji amkague na kumruhusu, jambo ambalo mara nyingi huchukua miezi miwili mpaka mitatu.

Kinachobaki ni kinga. Kuna vijidudu vitatu ambavyo bandama ndiyo iliyokuwa ikivinasa vizuri zaidi: nimokoko, ambacho huleta homa ya mapafu, kile cha homa ya uti wa mgongo kiitwacho meningokoko, na bakteria aitwaye Hib. Vyote vina chanjo. Ya nimokoko ilianza kutolewa kwa watoto wa Tanzania mwanzoni mwa 2013, wakati mdogo wako alishapita umri wa kuchanjwa, kwa hiyo msidhani alishaipata. Kwa aliyetolewa bandama kwa dharura tunangoja angalau siku 14 baada ya upasuaji ndipo achanjwe, ili mwili uwe na nguvu ya kujenga kinga. Wiki tatu zimeshapita tangu ajali, kwa hiyo siku hizo 14 zimetimia, mwende sasa. Mkiambiwa hazipo hapo, ulizeni hospitali ya mkoa au kanda, na ile ya homa ya uti wa mgongo ulizeni kituo kinachochanja mahujaji wanaokwenda Makka, maana wao huchanjwa hiyo kabla ya safari.

Alale ndani ya chandarua chenye dawa kila usiku, maana malaria inaweza kumwelemea kuliko wengine. Akiumwa na mbwa aende hospitali siku hiyohiyo, hata kama alama ya meno ni ndogo. Awe na karatasi kwenye pochi, iliyoandikwa jina lake na kwamba hana bandama, pamoja na tarehe ya upasuaji na za chanjo. Na homa yoyote kwake, hata ya usiku mmoja, ni dharura kwa maisha yake yote, zaidi miaka miwili mitatu ya mwanzo. Asipimwe malaria tu akarudishwa kulala. Kipimo cha malaria kifanyike, lakini dawa ya kuua bakteria ianze saa hiyohiyo bila kungoja majibu. Mwombeni daktari wake amwandikie dozi ya akiba akae nayo nyumbani, ameze ya kwanza homa inapoanza, kisha muanze safari ya hospitali.